Neno Moja, Maana Tatu: Namna ya Kutunga Jinasi

Simama stendi ya Arusha useme kwa sauti: "Basi hili linatoka Moshi." Mmoja ataelewa kuwa gari limetokea mji wa jirani, kilomita 80 hivi upande wa mashariki. Mwingine atainama kutazama bomba la nyuma. Wote wawili wamesikia sawasawa, na wewe hujaongeza neno hata moja.

Ufundi huo katika fasihi yetu unaitwa jinasi. Jina limekuja na elimu ya balagha ya Kiarabu, yaani elimu ya ufasaha wa usemi, na wenyewe waliigawa mafungu mawili makubwa: jinasi kamili, ambayo sauti za maneno hulingana kabisa huku maana zikiachana, na jinasi pungufu, ambayo sauti hukaribiana tu, kama shaka na chaka, au bata na bati. Hapa nashughulika na jinasi kamili. Ile pungufu humjia yeyote anayehangaika na vina.

Nawaandikia watu wenye kazi mkononi: anayeandaa hotuba ya sendofu, anayetunga shairi la mahafali, mwenye duka anayetaka maneno ya kubandika mlangoni, mwalimu anayetaka wanafunzi wake waipende lugha yao. Wengi wao huniambia jinasi ni kipaji cha watu wenye ulimi mwepesi. Siamini hivyo. Kwa Kiswahili, jinasi husimama au huanguka kwa sarufi, na sarufi yenyewe ni ngeli. Ukijua ngeli ya neno lako, unajua mapema litakubeba mpaka wapi.

Okota maneno ya mtaani kwako

Usianze na kamusi. Itakuja baadaye kuthibitisha. Anza na majina ya mahali, kwa sababu wasikilizaji wako tayari wanayo masikioni. Arusha kuna Daraja Mbili, na daraja ni la kuvukia mto, tena ni la matokeo ya mtihani: "Mtoto wa Daraja Mbili amepata daraja la kwanza." Kuna Unga Limited, na unga ni wa ugali, kuunga ni kushikanisha, halafu upo ule unga mwingine unaomaliza vijana. Kuna Maji ya Chai, njiani kuelekea Moshi. Chai ni kinywaji, ni hongo, na kwa vijana wa sasa ni stori ya uongo. Moshi kwenyewe kuna Pasua na Karanga. Ukishuka upande wa Himo kuna Njia Panda, ambayo nitairudia kwa sababu neno panda ni mgodi.

Hata jina Arusha lina mchezo wake. Kwa njeo ya zamani ambayo washairi bado wanaitumia, "arusha" ni sawa na "anarusha". Kwa hiyo "Binti wa Arusha arusha roho" ni mstari uliokamilika, na ukiimbwa unapendeza zaidi kuliko ukisomwa.

Baada ya majina ya mahali, okota vitenzi vya kila siku: panga, funga, kula, shinda, shuka, kata. Hivi ndivyo vyenye maana nyingi kuliko vyote, kwa kuwa vimetumika sana. "Anayeshinda kijiweni hashindi" ni maneno matatu tu, mawili kati yake ni kitenzi kilekile, na kila mama wa Sakina au Majengo atakuelewa.

Yaandike kwenye daftari, lakini usiishie kwenye maana. Andika na kiashiria, andika na wingi. Ukurasa wa neno "ua" katika daftari zuri unasomeka hivi: ua hili, wingi maua, la kuchanua, ua huu, wingi nyua, wa kuzunguka nyumba, ua, kitenzi, kutoa uhai. Kazi hii inachosha, najua. Ila mtunzi asiyeifanya hubahatisha, na anayebahatisha huharibu mstari mbele za watu.

Pima ngeli kabla ya kutunga

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua "paa". Mnyama ni paa huyu. La nyumba ni paa hili. Ukisema "paa amepita", siri imeisha, kwa sababu a- ya kitenzi imekwisha kusema ni mnyama. Ukisema "paa limevuja", vivyo hivyo. Neno la namna hii halifai kuficha maana mbili ndani ya mdomo mmoja. Linafaa kurudiwa, kila mara na upatanisho wake, msikilizaji aone jinsi sauti ileile inavyovaa nguo tofauti: "Paa amejificha chini ya paa lililoezuliwa." Ukitaka la tatu, kipo kitenzi: "Ndege ilipopaa KIA, tukaliona Paa la Afrika dirishani, mita 5,895." Kaa ni hivyohivyo: kaa huyu wa baharini, kaa hili la moto, na kaa kitako.

Sasa chukua "mto". Wa maji ni mto huu, wa kulalia ni mto huu. Wingi wake wote ni mito. Hakuna upatanisho wowote utakaotoboa siri. Neno kama hili ndilo la kuficha, yaani maana mbili zikae pamoja na msikilizaji achague, au asiweze kuchagua. Mstari niupendao kuliko yote katika mfano huu ni wa afya: "Usipotundika chandarua, kila mto ni mto wa mbu." Mtu wa Mto wa Mbu atasikia jina la mji wake, mtu wa Arusha mjini atasikia mto wa kitandani, na ushauri unawafikia wote wawili ukiwa mzima. Daraja nalo liko kundi hili, kwa kuwa ni daraja hili la kuvukia na daraja hili la mtihani.

Utauliza: mbona "moshi" ni ngeli mbili, na sentensi ya stendi ilisimama? Kweli, moshi wa moto hupatana na u- ("moshi unafuka") na mji wa Moshi hupatana na i- au pa- ("Moshi imekua", "Moshi pamechangamka"). Sentensi ilisimama kwa sababu neno lenyewe halikuwa na wa kupatana naye. Lilikaa baada ya kitenzi, halikufuatwa na sifa, wala kiashiria, wala kimilikishi. Hii ndiyo siri ninayotaka uondoke nayo: neno lenye ngeli mbili linaweza kufichwa, mradi ulikalishe mahali ambapo hakuna kinacholishika mkono.

Jaribu na mbuzi. "Shemeji ameleta mbuzi." Kimya. Ukumbi wa Moshi wote unawaza ndafu, unawaza keki ya mnyama mzima inayosubiri kisu. Ukisema "mbuzi mkubwa" umethibitisha ni mnyama. Ukisema "mbuzi kubwa" wajuao ngeli watashtuka mapema. Kwa hiyo acha neno uchi, vuta pumzi moja, ndipo umalizie: "Ya kukunia nazi." Neno dogo "ya" ndilo linalogeuza mnyama kuwa chombo cha jikoni. Ukiwa mshereheshaji, usiiharakishe hiyo "ya".

Vitenzi vina mlango wao

Kitenzi hakina ngeli, kwa hiyo ni rahisi kukifichia maana. Kinachoweza kukitoa siri ni kiambishi cha mtendwa na kauli.

"Nimeupanda mti" ni sentensi adimu: u- ya mti haimwambii mtu kama uliotesha au ulikwea. Hata "upandaji miti" umebeba yote mawili. Lakini ukiingia kauli ya kutendesha, "pandisha", maana ya kilimo inakimbia. Na ukisema "mpanzi", maana ya kukwea inakimbia. Basi kila kitenzi ulichokiokota kipitishe kwenye kauli zake: tendwa, tendea, tendesha, na majina yanayotokana nacho. Andika ni wapi maana zote zinabaki na ni wapi moja inaanguka.

Panga ni mfano wa karibu kwa yeyote anayehamia mjini. "Nimepanga chumba Ngarenaro, ila sijakipanga." La kwanza ni kodi, la pili ni kitanda na meza. "Sijapanga kupanga" ni mipango na kodi. Mpangaji anaweza kuwa anayelipa kodi au anayepanga mambo, lakini "pangisha" ni ya mwenye nyumba peke yake. Tena lipo panga lenyewe, hili, la kufyekea.

Viashiria na amri navyo vina nafasi. "Wale waje wale" ni sentensi kamili: watu wale, waje, wapate chakula. Nimeisikia ukumbini ikipokewa kwa makofi kabla meza haijainuka, na mshereheshaji hakuwa na haja ya kuongeza kitu.

Chagua umbo: kurudia, kubebesha au kugeuza

Kurudia tumekwisha kuona. Wataalamu wa balagha wa Ulaya hukuita antanaklasi, kwa jina la Kigiriki: neno linatajwa mara mbili, na mara ya pili limebadilika maana.

Kubebesha ni kutaja kitenzi mara moja tu kikabeba vitu viwili visivyolingana. Kiswahili kina utajiri wa ajabu hapa kwa sababu ya vitenzi kama kula, piga, vunja na funga, ambavyo hushikana na karibu kila kitu. "Alikula kiapo asubuhi na rushwa jioni." "Mwezi huu amefunga duka na ndoa." Sheria zangu ni tatu. Ya kwanza, kitu cha kawaida kitangulie, cha kushtua kije mwisho. "Amefunga ndoa na duka" haina nguvu ileile. Ya pili, usizidishe viwili, maana cha tatu hugeuza jinasi kuwa orodha. Ya tatu ni ya sarufi: usiweke kiambishi cha mtendwa. "Amelifunga duka na ndoa" imevunjika, kwa kuwa li- ni ya duka na ndoa imeachwa nje mlangoni.

Kugeuza ni kulichukua neno la mwenzako na kumrudishia likiwa na maana nyingine. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, alitoa mfano wa baba aitwaye Proculeius aliyemlalamikia mwanawe kwamba anangoja afe. Kijana akasema hangoji. Baba akamjibu: "La, nakuomba ungoje." Inashangaza jinsi inavyokaa sawa kwa Kiswahili: "ngoja" ya kwanza ni ya mtu anayetamani urithi, ya pili ni ya kuomba asiharakishe mambo.

Sokoni kwetu kugeuza ni mkate wa kila siku. Mteja yuko kwenye kibanda cha mashuka ya Kimasai:

"Dada, shuka hii shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Shuka kidogo, dada yangu."

"Nishuke wapi tena, kaka? Hapa ndipo mwisho wa gari."

Angalia alivyofanya. Mteja alikuwa na shuka mbili mdomoni, ya nguo na ya bei, wala hakuzifikiria. Muuzaji akaleta ya tatu, ya abiria, na kwa hiyo moja akakataa kupunguza bila kumwambia mteja hapana. Ukitaka kujifunza kugeuza, kaa karibu na wanaouza. Wanajibu papo hapo, na jibu lao halimvunji mtu heshima.

Litie kwenye ubeti

Shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kwa ubeti, lenye mizani (silabi) 16 kwa mshororo ni uwanja mzuri wa mazoezi, kwa sababu kina cha mwisho kinakulazimisha kurudi palepale. Kwa kawaida kumaliza mishororo yote kwa neno lilelile ni uvivu. Ikiwa neno linabadilika maana kila linaporudi, ni ustadi. Huu ni ubeti niliotunga kwa ajili ya mwongozo huu:

Babu alipanda mti, nami leo naupanda,
Bei haina wakati, kila siku inapanda,
Mfukoni sina noti, basi vipi nitapanda,
Niende ama niketi, nipo kwenye njia panda.

Hesabu: kuotesha, kukwea, kuongezeka, kuingia garini, na makutano ya njia. Maana tano. Nililiweka "babu" badala ya "baba" kwa makusudi, kwani umri wa babu ndio unaotoa nafasi ya mti kukua mpaka mjukuu akaukwea; bila hilo msomaji angeweza kudhani wote wawili wamekwea, na mshororo ungekufa. Katika mshororo wa tatu kuna neno lingine limejificha: "basi" ni gari, na tena ni lile "basi" la kuunganisha maneno. Halina ngeli ya kuonyesha kwa sababu halikufuatwa na chochote cha kupatana nalo. Mshororo wa mwisho utamgusa zaidi mtu aliyewahi kusimama Njia Panda akitazama barabara ya kwenda Dar es Salaam na ile ya kupandia Himo, Marangu na Taveta.

Unapotunga, anza na mshororo wa mwisho. Maana iliyo mbali zaidi na zile nyingine, hapa ni ile ya njia, ndiyo ikae kituoni. Kisha rudi juu ukijaza.

Lisikilize kabla hujalitoa

Soma kwa sauti. Mkazo unaweza kukusaliti. "Barabara imejengwa barabara" kwa maandishi ni jinasi safi. Kwa mdomo la kwanza lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na la pili kwenye ya tatu kutoka mwisho, kwa hiyo linachezeka kwa kurudia tu, halifichiki. Kwa upande mwingine, kuna jinasi zinazokufa kwenye karatasi: herufi kubwa ya Moshi inatoboa siri ambayo masikio hayaioni. Ukitaka kuchapa bango lenye mchezo huo, andika maneno yote kwa herufi kubwa, au panga sentensi ili neno lianze mstari.

Fikiria na nani anasikiliza. Nyanya ni kiungo kwetu, na ng'ambo ya mpaka wa Holili, upande wa Kenya, ni bibi mzaa baba au mama. Mstari wa nyanya utakaochekesha Taveta hautasogea hatua moja ukumbini Moshi. Misimu ya vijana ina umri mfupi. Chai ya uongo inaeleweka leo, lakini usiichonge kwenye kitu kitakachokaa muda mrefu.

Na mbele ya wakwe, pitia neno lako lote. Maneno mengi ya kazi yana maana ya faraghani; hata panda husemwa kwa dume la mnyama. Ukumbi ukishaisikia hiyo, hakuna atakayekumbuka mti wa babu. Muulize mtu mzima wa jinsia nyingine na yako akusikilize kwanza. Yeye atasikia usichokisikia.

Kuna maandishi ambayo jinasi haina ruhusa kuyaingia kabisa: mkataba, maelezo ya dawa, tangazo la muda. "Kaa hapa saa mbili" kwa mgonjwa ni balaa, kwa sababu hajui kama ni mpaka saa mbili au kwa muda wa saa mbili. Hapo andika neno la ziada, tena mawili ikibidi.

Zoezi: kata

Nakuachia neno la kuanzia. Kata ni eneo la utawala, na Kaloleni ni kata Arusha na ni kata Moshi pia. Kata ni ya kuchotea maji, na kata ni ya kichwani chini ya mzigo wa ndizi. Kisha kitenzi: kata nyama, kata tiketi, kata rufaa, kata kiu, kata tamaa, kata kona. Umeme nao hukata.

Lipe kila moja kiashiria chake na wingi wake. Tenga zinazofichika na zisizofichika. Kisha tunga sentensi tatu: moja ya kurudia, inayotumia kata ya diwani na kata ya maji, moja ya kubebesha, yenye "amekata" mara moja na vitu viwili nyuma yake, na moja ya kugeuza, katika mazungumzo ya konda na abiria ambaye bado hajakata tiketi. Ya tatu itakuchukua muda mrefu zaidi. Ianze kwa kuandika jibu la abiria, halafu ndipo utafute swali la konda litakalolistahili.